Viza ya treni ya Paris hadi London

Ndugu yangu, umeuliza kama viza yako ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), iliyobandikwa kwenye pasipoti ya Tanzania, inatosha kupanda treni ya Eurostar kutoka Paris hadi London na kurudi. Haitoshi, kwa kuwa Uingereza haimo katika Schengen na inadai viza yake yenyewe, nayo hukaguliwa palepale Paris, stesheni ya Gare du Nord: askari wa Ufaransa anakukagua unapotoka, kisha hatua chache mbele afisa wa Uingereza anaichukua pasipoti hiyohiyo.

Nakusihi utazame pia idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza ya Schengen, maana ikiwa ni 01, yaani kuingia mara moja tu, ukishatoka hutaruhusiwa kurudi Paris, hata kama siku zako hazijaisha. Omba ya MULT, yaani ya kuingia mara nyingi, kabla hujalipia tiketi.