Chonga Nilikuwa Namfuga Mwenyewe

Juzi dada mmoja wa Mbweni kanitumia picha ya mnazi wake. Makuti yamekatika pembetatu, utadhani mtu kapitisha mkasi. Anauliza, "Kaka, huu ni ugonjwa?" Dada yangu, huyo ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, na mimi kaniumiza vya kutosha.

Kwangu Kigamboni kulikuwa na minazi mitano, yote kaipanda marehemu baba. Nilipoona makuti ya namna hiyo nikaita fundi wa dawa. Akapanda, akamwaga kitu chenye harufu kali, akaondoka na laki na nusu yangu. Baada ya wiki chache mnazi wa getini ukadondosha kuti changa la katikati. Mnazi ukishaoza kilele hauchipui pembeni kama mwembe, ndiyo basi tena. Mama alikaa barazani akautazama, hakusema neno. Kimya kile kinaniuma kuliko hiyo hela.

Na kituo cha utafiti wa minazi kipo Mikocheni, mji huu huu! Sikuwaza hata kwenda kuuliza.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mkwezi. Kwanza hakupanda. Alizunguka uani mpaka kwenye gogo la mnazi ulioangushwa na upepo zamani, akalipasua kwa panga. Ndani funza weupe, wanene, wamejikunja. Akafukua na rundo la samadi nililokuwa najisifia kwa majirani: wamejaa tele. Chonga anataga kwenye vitu vinavyooza huku chini. Funza wanakula hapo miezi, wakishakuwa wadudu kamili wanaruka usiku kwenda kutoboa vilele. Mimi nalipia dawa juu, chini nafuga.

Tukachoma gogo na visiki, samadi tukaitandaza. Ndipo mzee akapanda na waya uliopindwa ncha, akavuta madudu saba, akajaza mchanga wenye majivu kwenye makwapa ya makuti. Minazi minne iliyobaki sasa hivi inazaa, karibuni madafu.

Ndugu zangu, tuache uvivu. Usafi! Gogo linaoza nyuma ya nyumba, unamlaumu nani? (Fundi wangu nitamlaumu tu.) Geuza samadi, okota funza, kuku watakushukuru. Tazama kilele kila mwezi. Ukiona nyuzinyuzi mbichi zinatoka tunduni, mdudu bado yumo. Zungumza na jirani pia, chonga hajui ukuta. Na usafi, narudia, usafi.

Dada wa Mbweni, picha ya mnazi nimeiona. Sasa nitumie ya nyuma ya nyumba.