Kilomita Ulizokosa, Usizilipe

Mwaka niliojiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21.1, niliandika ratiba ya wiki 12, mazoezi siku 4 kwa wiki, nikaibandika ukutani juu ya jiko. Wiki ya 5 malaria ikanilaza. Nikameza dawa mseto siku 3, nikajikokota siku 4 nyingine, na kila nilipokwenda kuchemsha uji ile karatasi ilikuwa ikinitazama kama mdai.

Malaria yenyewe haikuniharibia mazoezi. Kilichoyaharibu ni haraka yangu ya kufidia. Jumapili ya kwanza niliyojiona mzima nikaamua kulipa wiki yote kwa mkupuo: kilomita 18, barabara ya Mweka, kupanda na kushuka. Kupanda nilihema tu. Wakati wa kushuka, miguu ikiibamiza lami, muundi wa kushoto, ule mfupa wa mbele chini ya goti, ukaanza kuuma. Usiku nikaugusa kwa kidole, nikaruka. Wiki 3 nje. Deni la siku 7 nikalilipa kwa siku 21.

Mazoezi si marejesho ya kikoba. Siku hizi nikikosa siku mbili tatu kwa sababu ya kazi, mvua au msiba, nazifuta na kufanya zoezi la leo lilivyoandikwa. Nikitoka kwenye homa ni habari nyingine. Vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu, nazo ndizo zinazobeba oksijeni, kwa hiyo homa inaweza kuisha huku damu bado haijarudi mahali pake. Ndiyo maana ngazi za ofisini zinakutoa pumzi ingawa kipimo kinasema umepona. Wiki ya kwanza ya kurudi nafanya nusu ya nilichokuwa nakifanya, kwa kasi inayoniruhusu kumsimulia mwenzangu mechi ya Simba na Yanga bila kukatakata maneno. Nikishindwa kusimulia, natembea.

Kuhusu muundi, sikiliza maumivu yalipo. Yakitanda eneo refu na kupungua mwili ukipata joto, punguza kilomita na uache miteremko kwa muda. Yakiwa sehemu moja ya mfupa, unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, na yakauma hata ukitembea, acha kukimbia umwone daktari. Mfupa unaweza kuwa na ufa, na ufa hautibiwi kwa kuchuliwa dawa ya moto. Nilijaribu.

Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, alipata shaba ya mashindano ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu ikaja Tokyo 2025, miaka 8 baadaye. Sisi tunaokimbilia fulana na medali ya kumaliza, wiki 3 tunaziona kiama!

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31, kipande cha juu cha Mweka nikitembea. Karatasi bado iko ukutani, imeingia mafuta ya vitumbua, na visanduku 15 havina alama.