Gari Likichemsha Turkana, Anza Kuuliza Maswali Nakuru

Dada mmoja wa Molo ameniandikia wiki hii. Amenunua matatu kuukuu, HiAce ya dizeli, ameng'oa viti, ameweka kitanda na jiko la gesi, na Julai anataka kumtorosha mama yake kutoka kwenye ile baridi ya kwao inayokaza magoti ya wazee. Wateremke Turkana, wakae mpaka Agosti iishe. Swali lake ni moja: "Gari likinifia huko kwa mchanga, nitafanya nini?"

Dada yangu, umeniuliza jambo ambalo bado linaniuma.

Kwa wasionijua, mimi ni wa Nakuru na kifua changu hakipatani na miezi ya baridi. Ukungu ukishuka asubuhi kutoka Menengai, nakohoa mpaka majirani wanajua nimeamka. Mzee wangu, yaani mume wangu, ndiye aliyesoma kwamba wastaafu wa Kanada na Marekani, theluji ikikaribia, huendesha nyumba zao za magurudumu hadi jangwa la Arizona, na mji mdogo kama Quartzsite hufurika watu. Akasema sisi pia tuna jangwa letu, tena halihitaji viza. Tukaligeuza matatu la kaka yangu kuwa nyumba, tukaliita Shosho, na tangu hapo baridi ya Nakuru tunaisikia kwa simu tu. Walionicheka wakati huo leo wananiomba ramani.

Sasa kabla ya safari ile ninayotaka kuwasimulia, tulimpeleka Shosho gereji hapa mjini afanyiwe sevisi. Jina la gereji silitaji. Nikaeleza vizuri kwamba gari linakwenda Turkana. Fundi akanijibu, "Mama, usijali, hii itafika hata Sudan." Alichofanya, bila kuniuliza, ni kuitoa themostati, ile vali ndogo inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupozea injini, na kuitupa. Mafundi wengi wa kwetu wanaamini kwamba themostati ni kitu cha nchi za baridi, kwamba kazi yake ni kushikilia joto tu, na ukiitoa injini itapoa zaidi. Na kweli hapa Nakuru huwezi kuona tofauti. Mwinuko ni kama mita 1,850, hewa ni baridi, injini hata haitoki jasho. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na risiti mkononi.

Kupanda Mau Summit hadi Timboroa, hakuna shida. Eldoret, Kitale, Makutano, hakuna shida. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize: kutoka Makutano kwenda Lodwar, unashuka. Makutano iko zaidi ya mita 2,000 juu, Lodwar ni kama mita 500. Milima ya Kamatira unaiteremka, Marich unaipita, na injini haijafanya kazi yoyote ya maana. Gari bovu hufika Lodwar likijisifu. Kinachosubiriwa ni siku ya kurudi.

Nitaruka maisha ya Eliye Springs, kule ufukweni mwa Ziwa Turkana. Chemchemi, mikoma, samaki wa kukaanga, kifua kikawa kimya kama si changu. Picha mlishaona.

Siku ya kurudi Lodwar tulianza kuvuka ule mchanga kwa gia ya kwanza na ya pili. Pale ziwani upepo huvuma kwa nguvu kutoka kusini-mashariki, nasi tulikuwa tunaelekea magharibi. Maana yake upepo ulikuwa ukitusukuma mgongoni karibu kwa kasi ileile ya gari, na mbele ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa kwa hewa, hakukuwa na hewa ya kutosha. Geji ya joto ikaanza kupanda. Nikamwambia mzee, akasema ni geji tu, imezeeka. Geji ikafika kwenye nyekundu. HiAce injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo habari hiyo hata makalio yetu yalikuwa tayari yameipata.

Mzee alitaka kuzima injini na kufungua kifuniko cha rejeta. Nilimshika mkono. Maji yaliyo ndani yanazuiwa yasichemke na shinikizo la kile kifuniko; ukikifungua kukiwa moto, yanageuka mvuke papo hapo na yanakurukia usoni. Wako watu wameachwa na makovu ya maisha kwa kosa hilo. Na kumwaga maji baridi juu ya injini ya moto ni kuomba silinda hedi ipasuke.

Lori la samaki kutoka upande wa ziwa likatukuta. Taniboi wake, kijana mdogo tu, alituangalia akasema, "Mama, geuza gari liangalie ziwa." Basi. Hakusema zaidi. Tukaligeuza Shosho uso wake ukakabili upepo, injini ikinguruma polepole, hita ya ndani tukaifungua mpaka mwisho, madirisha wazi. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Inavuta joto kutoka kwenye maji ya injini na kuwatupia nyinyi. Mtaungua, lakini injini itapona. Sindano ya geji ikashuka taratibu tukiitazama. Ile elimu ya bure ya taniboi imeniokoa tena baadaye, na bado sijui jina lake.

(Angalizo: hilo ni kama maji bado yamo. Kama yamevuja, au kama unaona moshi mweupe nyuma na oili imekuwa kama chai ya maziwa, zima mara moja. Hiyo ni gasketi ya hedi, na mchezo umeisha hapo.)

Tukafika Lodwar kwa kusimama na kugeuka, kusimama na kugeuka. Fundi wa huko, mtu mpole, alifungua nyumba ya themostati akaniita nije nione. Tupu. Akanieleza jambo ambalo fundi wa mjini mwenye ukuta wa vyeti hakulijua au hakulijali: kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani chini yake. Ikifunguka kuelekea rejeta, kile kisahani kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini bila kupitia rejeta. Nyumbani penye baridi hutajua. Kwenye mchanga, au kwenye mlima, utajua.

Nilimpigia simu yule wa Nakuru. Akacheka, akaniambia, "Si ulipenda kwenda jangwani?" Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema.

Themostati mpya ilitoka Kitale kwa basi. Tukiisubiri, fundi wa Lodwar alisafisha rejeta, na jinsi alivyofanya ndivyo ninavyofanya mpaka leo: maji yapite kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ndogo, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Ukipiga maji kutoka mbele unasindilia vumbi na nyasi ndani zaidi, na ukipiga kwa mashine ya kuoshea magari unapinda mapezi yake. Lilitoka tope la rangi ya matofali.

Maji ya kujaza ni suala lingine. Ya ziwa usiguse, yana chumvi na magadi. Ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini yanayoganda ndani ya rejeta. Tembea na jerikeni ya lita 20 ya kulanti, yaani dawa ya maji ya kupozea injini, iliyokwisha kuchanganywa, iandike kwa rangi, na wala usiiweke pamoja na maji ya kunywa, kwa sababu kulanti ni sumu na ina utamu unaovutia watoto.

Kurudi tulilala Marich ili Kamatira tuipande alfajiri. Sehemu hizo usiku si za kusafiri, hata gari likiwa zima. Kwenye mlima usiibane injini kwa gia kubwa kwa kujionea huruma ya dizeli. Shuka gia, iache izunguke haraka, maana pampu ya maji na feni huzunguka kwa kasi ya injini. Zima AC kama unayo. Shosho alipanda Kamatira sindano ikiwa katikati, na mzee wangu, aliyesema ni geji tu, alikuwa anapiga mluzi kana kwamba themostati aliiweka yeye.

Ndugu zangu, na hasa dada zangu: simameni pale gereji. Msiende kunywa chai. Kila kipuri kinachotolewa, omba upewe mkononi, hata kama ni chakavu, hata kama fundi atanuna. Uliza kilikuwa kinafanya nini. Akikwambia hakina kazi, mwambie akirudishe. Mtu aliyetengeneza injini ile hakuwa anachezea chuma. Tumezoea kumtetemekea mtu kwa sababu ana spana na sisi tuna pochi, kumbe anayetumwa kazi ni yeye. Narudia: kipuri mkononi. Nimewaambia hili mara nyingi na bado mnaniandikia mkilia.

Kwa dada wa Molo, nina machache zaidi. Kabla ya Julai, badilisha kifuniko cha rejeta hata kama kinaonekana kizima; mpira wake ukichoka hakizuii shinikizo, na kule Timboroa, karibu mita 2,700, maji yasiyo na shinikizo huchemka yakiwa kama nyuzi 91 tu. Angalia mkanda wa feni. Angalia themostati ipo, kwa macho yako mwenyewe. Dizeli jaza Lodwar mjini kwenye kituo, usinunue ya jerikeni kando ya barabara, na kila baada ya siku chache fungua ile skrubu iliyo chini ya filta utoe maji.

Na mama yako mkalishe nyuma, karibu na dirisha. Najua utataka akae mbele aone barabara, lakini siku utakayolazimika kufungua hita kwenye mchanga wa Eliye, kiti cha mbele kitakuwa na joto ambalo hata magoti yake hayakuliomba.