Kabla ya kamera, sikiliza chumba chako

Mhariri, salaam. Wiki hii mmeuliza: "Mtu akitaka kuanzisha podikasti au chaneli ya video leo, aanzie wapi, na aandae shilingi ngapi?" Podikasti, kwa asiyeijua, ni kipindi cha sauti ambacho msikilizaji hukifungua mtandaoni muda anaotaka. Nimekaa chumba cha mitambo cha redio hapa Tanga tangu enzi za kaseti mpaka nilipostaafu, kwa hiyo mtaniwia radhi nikivutia upande wa sauti. Jibu langu ni kwamba aanzie na chumba. Kamera itakuja baadaye, na shilingi zikae mfukoni kwanza.

Vijana wanaonijia, karibu wote, huanza kwa kuuliza simu gani inapiga picha kali. Kumbe mtazamaji huvumilia mengi machoni. Picha ikiwa na giza kidogo au ikitikisika, ataendelea kutazama madhali anasikia kinachosemwa. Lakini maneno yakija kama yanatoka ndani ya pipa, anahama hata hujamaliza kujitambulisha. Video ya kwanza kuwekwa YouTube, Aprili 23, 2005, ina sekunde 19 tu. Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi, amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, anasema tembo hao wana mikonga mirefu sana, basi. Kwa macho ya leo picha ile ni duni. Alichosema kinasikika, na watu bado wanaitazama.

Sasa chumba. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji au vigae, kuta tupu na dirisha la vioo. Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia mlio unabaki hewani baada ya mikono kutulia, ujue maikrofoni nayo itausikia, na ni heri kuuzuia mapema kuliko kuhangaika kuuondoa baada ya kurekodi. Mpwa wangu alinipigia simu siku moja: "Shikamoo mjomba, mbona sauti yangu inalia hivi?" Mama yake anauza mitumba soko la Tangamano, na nyumbani wana stoo ya mzigo. Nikamwambia aingie humo.

Ile stoo ningeipata nilipokuwa kazini! Mabalo ya masweta na mablanketi yamepangwa kuta tatu, karibu yafike darini, na mlango umezibwa na pazia zito. Anakaa juu ya balo la suruali za jinzi, simu anaiegemeza kwenye jingine. Ukipiga kofi humo, linafia hapohapo. Redio hutumia fedha nyingi kununua ukimya wa namna hiyo, na yeye anaupata bure, ukiacha harufu ya dawa ya mitumba na joto la kumwaga jasho. Kasoro yake ni moja: mzigo ukishauzwa, kuta zinabaki tupu na mwangwi unarudi. Kwa hiyo hurekodi vipindi vingi kwa mpigo mzigo mpya ukiingia, na mama yake amezoea kuulizwa kwa nini hili balo la mablanketi lisikae wiki moja zaidi.

Asiye na stoo ya mitumba asimamishe godoro ukutani nyuma ya simu, atandike mkeka au kapeti chini, ashushe mapazia. Feni izimwe, friji ichomolewe kwa muda huo (na ikumbukwe kuchomekwa tena, nimeona samaki wakiharibika kwa ajili ya podikasti). Mvua juu ya mabati hailazimishwi, inasubiriwa. Wengi wetu tunaoishi karibu na msikiti na kituo cha bodaboda tunajua kwamba muda mzuri ni baada ya Isha watu wakishatulia, au alfajiri kabla jogoo hajachangamka.

Umbali kati ya mdomo na maiki ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Shibiri moja inatosha. Ukiisogeza simu mbali, mara mbili ya hapo, sauti yako inashuka kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ilhali mwangwi wa chumba unabaki palepale, na matokeo yake ni kana kwamba umehamia chumba cha jirani. Simu isikae sawasawa mbele ya mdomo, iegemee pembeni kidogo, la sivyo kila "p" na "b" itapuliza maiki. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili shangazi asipige katikati ya sentensi nzuri. Kisha rekodi dakika moja tu, vaa spika za masikioni, sikiliza yote. Nimeshuhudia watu wazima wakihojiana saa nzima halafu wakagundua kidole kilikuwa kimeziba tundu la maiki.

Mkiwa wawili, msigombanie simu moja iliyolazwa mezani. Kila mmoja arekodi kwa simu yake, mwanzoni mmoja apige kofi moja kali. Wakati wa kuhariri unalinganisha kofi na kofi, sauti mbili zinakaa sambamba. Mgeni akiwa Mombasa au Muscat, ongeeni kwa simu ya kawaida, lakini kila upande urekodi sauti yake kwa kifaa kingine, na yeye akutumie faili lake baadaye. Kwa WhatsApp alitume kama hati, kwa sababu ujumbe wa sauti hubanwa sana na utamu wote wa sauti hupotea. Kuhariri kwenyewe, programu ya kompyuta iitwayo Audacity inatosha. Ni ya bure, na inakubali kompyuta za zamani.

Ama swali la video au podikasti, watu hulijibu kwa kufuata upepo. Mimi hutazama kitu chenyewe. Kufungua balo, kwa mfano, ni jambo la macho. Mikanda inakatwa, nguo zinafumuka, mikono inaingia kabla mwenye mzigo hajasema bei, na doa lililojificha kwapani huwezi kulieleza kwa mdomo mtu akakuelewa. Hapo washa kamera. Lakini jinsi mama mmoja alivyopoteza mtaji kwa balo bovu, akakopa kwa jirani yake wa meza, akarudi sokoni, hayo ni mazungumzo. Ukiyapiga picha utapata watu wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki kwa dakika arobaini. Yaache yawe sauti, na wauzaji wenzake watayasikiliza huku wakichambua nguo, mikono na macho vikiwa kazini. Mpwa wangu ana vyote viwili: video fupi za kufungua mzigo, na podikasti ya wafanyabiashara wakisimulia.

Bando nalo lina neno lake. Nusu saa ya maongezi, sauti ya mono (mkondo mmoja wa sauti) kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni faili la MB 14 hivi. Dakika kumi za video ya simu kwa ubora wa 1080p zinaweza kukaribia GB 1.3 kabla hujazigusa, na bado hujapakia. Msikilizaji naye ananunua bando kama wewe, tena mara nyingi la siku.

Kuna tabia moja ya redio ambayo namsihi kila anayeanza aiache kwetu wazee. Sisi tulikuwa tunataja jina la kituo na la kipindi kila baada ya dakika chache kwa kuwa mtu angeweza kuwasha redio wakati wowote. Msikilizaji wa podikasti amekichagua kipindi mwenyewe, ameanza mwanzo, na mara nyingi yuko peke yake. Salamu za "popote pale mlipo, wapendwa wasikilizaji" zinazokwenda dakika tatu zinamfukuza. Mwambie jina lako, mwambie leo utamjibu nini, ingia kazini. Na swali la kujibu usilitafute mbali, chukua lile unaloulizwa kila siku na wateja, wanafunzi au majirani. Mpwa wangu alianza na "nitajuaje balo zuri kabla ya kulifungua?" kwa sababu alichoka kulijibu mmojammoja. Rekodi vipindi vitatu kabla ya kuachia cha kwanza. Kama cha tatu kimekushinda, umejua mapema, na hakuna aliyekuona.

Watu wengi hudhani podikasti unaipeleka Apple au Spotify, kunakosikilizwa vipindi, kama unavyopeleka barua. Sivyo. Faili lako linakaa kwa mtoa huduma wa kuhifadhi, naye anatengeneza mlisho wa RSS, ambao ni orodha ambayo programu za kusikilizia huisoma zenyewe kila ukiongeza kipindi. Njia hiyo ya kufungasha sauti ndani ya mlisho ilikuwepo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka 2005 Apple walipoiingiza kwenye iTunes, programu yao ya muziki, ndipo ikasambaa. Wapo watoa huduma wa bure. Kabla ya kujiunga nao soma kama wanakuruhusu kuhamisha mlisho wako siku ukitaka kuondoka. Kwa wasikilizaji wa hapa kwetu, weka sauti hiyohiyo YouTube pia, na kipande cha dakika moja kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sheria nitaitaja kwa kifupi, msije mkasema sikuwaambia. Tanzania tuna kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Ukikusudia kurusha habari na matukio, pita TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukaulize leseni kabla ya kipindi cha kwanza. Muziki wa watu usiutie bila ruhusa, YouTube wana mtambo unaoutambua hata ukiwa chinichini. Na sokoni omba idhini kabla ya kuinua simu. Kuna mama atakayecheka nawe siku nzima lakini hataki kuonekana, labda ana mkopo mahali au ana mume asiyejua, na hilo halikuhusu.

Sasa shilingi. Maiki ndogo ya waya ya kubana shatini bei yake haizidi ile ya jozi nzuri ya viatu vya mtumba pale Tangamano, na hicho ndicho kitu pekee ambacho ningenunua mwezi wa kwanza. Taa ni dirisha: kaa ukilitazama, lisiwe mgongoni. Kigoda cha kusimamishia simu fundi seremala atakuchongea. Kuhusu kurudisha fedha, YouTube hugawana mapato ya matangazo na chaneli yenye wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za video fupi ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni nyingi kuliko zinavyotamkwa. Mpwa wangu hajazifikisha. Alichokwisha kupata ni wateja kutoka Korogwe na Muheza wanaompigia mama yake kuagiza mzigo, na mama huyo, aliyekuwa akilalamika kuhusu balo la mablanketi, sasa ndiye anayemuuliza mwanawe kipindi kijacho kinatoka lini.