Maswali ya Wasomaji: Maji ya Mvua Yakae Wapi?

Barua tulizopokea baada ya masika zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na nyingi zinahusu mafuriko ya mijini. Tumechagua tano.

Mwaka juzi mtaa wetu ulijengewa mtaro mkubwa wa zege, tukashukuru. Masika yaliyopita maji yaliingia ndani vilevile, na jamaa zetu wa Kigogo wanalalamika kwamba sasa yanawafikia mapema zaidi. Je, mtaro ulijengwa vibaya? — Msomaji, Tabata

Ndugu msomaji, inawezekana kabisa kwamba mtaro wenu ulijengwa vizuri, na kwamba malalamiko ya Kigogo ndiyo ushahidi wake. Kazi ya mtaro wa zege ni kuyaondoa maji upesi mahali yalipo. Hauyapunguzi, unayahamisha tu, na kwa kuwa uso wa zege ni laini na haunyonyi, yanafika kwa jirani wa chini yakiwa na kasi kubwa kuliko yalipokuwa yakipita kwenye majani na udongo.

Itazame ramani ya Mto Msimbazi wa Dar es Salaam. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita mitaa yenu, unapokea maji ya vijito kama Sinza, Ubungo na Luhanga, kisha unaingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Kila mtaa ukiyasukuma maji yake kwa haraka, yote yanakutana Jangwani, bondeni karibu na mdomo wa mto, kwa wakati mmoja, na ikitokea kwamba ni saa ya bahari kujaa, mto hauna pa kuyatoa. Hapo hapo mchanga ulioporomoka kutoka kwenye vilima visivyo na miti, pamoja na taka zetu, umekwisha kupandisha kitako cha mto, ndiyo maana uwezo wake wa kubeba maji umepungua wakati mzigo unaongezeka.

Na mzigo unaongezeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni sisi wenyewe: sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kila nyumba iliyoongezeka ni bati na sakafu mahali ambapo zamani mvua ilizama ardhini. Ya pili ni hali ya hewa. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua kubwa zinapokuja huwa na cha kumwaga zaidi. Bahari ya Hindi upande wetu inapopata joto lisilo la kawaida, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 pamoja na El Nino, vuli hugeuka gharika.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kudai mtaro mpana zaidi ni hili: ni kiasi gani cha maji kingeweza kucheleweshwa huko juu, kabla hakijafika mtaroni? Hiyo ndiyo kazi ya kile ambacho wahandisi na wapangamiji wanakiita miundombinu ya kijani, yaani miti, majani, ardhi oevu, mabwawa madogo na mabonde yaliyoachwa wazi, yakipangwa makusudi ili yapokee mvua, yaizamishe au yaitoe polepole. Mtaro bado unahitajika, ila usiachiwe kazi peke yake.

Nimejenga Goba, bati kubwa na uwanja mzima nimetandaza pevingi (matofali ya sakafu ya nje). Mvua ikinyesha maji yanatoka getini kwangu kama mto na jirani wa chini ameanza kununa. Naweza kufanya nini bila gharama kubwa? — Msomaji, Goba

Jirani ana haki ya kununa, na nakupongeza kwa kuuliza kabla hajafika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tuanze na hesabu, maana wengi wetu hatujui ukubwa wa kitu tunachomtupia mwenzetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati lako likiwa na mita za mraba 120, mvua ya milimita 60 itakupa lita 7,200 kutoka juu ya nyumba peke yake, kabla hatujahesabu uwanja.

Tangi la lita 5,000 lililounganishwa na gata litameza sehemu kubwa ya maji hayo, kwa sharti moja ambalo husahaulika: liwe tupu mvua inapoanza. Tangi tunalolijaza na kulitunza kwa ajili ya shida ya maji huwa limejaa siku ileile ya mvua kubwa, na halimsaidii jirani hata kidogo. Basi msimu wa mvua ukifika, tumia maji yake kila siku, kufulia, kumwagilia na kusafisha vyoo, au weka bomba dogo la pembeni linaloacha nusu ya juu ijitoe polepole baada ya kila mvua.

Maji yanayofurika kutoka kwenye tangi yaelekezwe kwenye bustani iliyochimbwa ikawa chini kidogo ya uwanja. Bustani ya mita za mraba 12 yenye kina cha sentimita 20 hushika lita 2,400. Ukijumlisha na tangi, lita 7,200 za bati lako zimepata mahali pa kukaa. Panda mimea inayovumilia kulowa na kukauka; nyasi ya vetiva inafaa kwa sababu mizizi yake huenda chini sana na kushika udongo.

Kabla ya kuchimba, ijaribu ardhi yako. Chimba shimo la sentimita 50, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo kesho yake, udongo wako ni mfinyanzi mzito au maji ya ardhini yako karibu, na bustani ya kunyonya haitakufaa. Bakia kwenye tangi. Usichimbe karibu na msingi wa nyumba, acha angalau mita tatu, wala karibu na shimo la choo. Na kwa kuwa Goba ni ya vilima, usizamishe maji kwenye ukingo wa mteremko mkali, kwani udongo ukishiba huporomoka, na hapo ugomvi na jirani utakuwa wa namna nyingine.

Kuhusu pevingi, si lazima ung'oe zote. Toa zile za upande maji yanakoelekea, uzirudishe kwa kuacha nafasi kati yake na kuzijaza kokoto ndogo badala ya saruji. Ukiniuliza mimi, ningeondoa nusu yake na kupanda majani, maana uwanja uliosakafiwa wote hupika nyumba mchana kutwa. Ila hilo ni suala la macho ya mwenye nyumba.

Nimesoma kwamba China ilitumia fedha nyingi kujenga "miji sponji" na bado watu walikufa kwa mafuriko. Kwa nini tuige kilichoshindwa? — Msomaji, Nakuru

Tarehe 20 Julai 2021 mji wa Zhengzhou, ambao kweli ulikuwa umetumia fedha nyingi kwa mpango huo wa kuufanya mji unyonye maji ya mvua kama sponji, ulipata milimita 201.9 za mvua ndani ya saa moja. Hakuna bustani wala bomba lililosanifiwa kwa mvua ya namna hiyo. Ulichosoma ni cha kweli, lakini tatizo liko kwenye ahadi: bustani, mabwawa na sakafu zinazonyonya zimepimwa kwa mvua za mara kwa mara, na viongozi wanapozinadi kama kinga ya kila kitu, wananchi huacha kujiandaa kuhama.

Kwa mvua za kupita kiasi, kinachohitajika ni mahali palipokubaliwa mapema kwamba pataachwa pafurike. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark uliopigwa na mvua ya takriban milimita 150 kwa muda wa saa mbili hivi tarehe 2 Julai 2011, uliamua kuzigeuza baadhi ya bustani zake kuwa mabeseni. Ile ya Enghaveparken inaweza kushika mita za ujazo 22,600. Karibu nasi zaidi, Kigali ulilirudishia uhai bonde la Nyandungu, hekta zipatazo 120 za ardhi oevu iliyokuwa imeharibiwa, na likafunguliwa mwaka 2022 kama bustani ambayo watu hutembelea wakati wa kiangazi na maji hupumzika wakati wa mvua.

Bustani hizi za maji si zitatuletea mbu na malaria? — Msomaji, Tanga

Zikijengwa vibaya, ndiyo. Mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo bustani inayokauka ndani ya siku mbili haimpi nafasi. Inayobaki na maji siku ya nne imeziba. Fukua tope la juu. Tangi lifunikwe na mdomo wa bomba uwekewe wavu. Mtaro wa zege ulioziba kwa mifuko na chupa huzalisha mbu kuliko bustani yoyote niliyowahi kuiona.

Mimi ni mpangaji Kigogo. Kila nikisikia "bustani ya mto" nasikia "ondokeni". Je, nakosea? — Msomaji, Kigogo

Hukosei kuwa na wasiwasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40, familia nyingi za bondeni zilipelekwa Mabwepande, mbali na kazi na soko walilolizoea. Mradi wa sasa wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, unakusudia kuupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kuihamisha karakana ya mabasi yaendayo haraka na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Kiufundi mimi nauunga mkono, kwa sababu bonde ni mali ya mto na hakuna ukuta utakaobadilisha hilo.

Ila mpango unaosafisha bonde bila kuyagusa mabati na pevingi za vilimani unamtoza mpangaji wa Kigogo kwa maji yaliyotoka getini kwa mwenye nyumba wa juu. Kwa hiyo nenda kwenye mikutano ya mtaa ukiwa na maswali mahususi. Mpangaji asiye na hati anahesabiwaje, naye anapata nini? Mitaa ya juu imepangiwa hatua gani, na kwa tarehe zipi? Nani atafukua mchanga mtoni kila mwaka, kwa fungu lipi la bajeti? Beba pia kumbukumbu zako za kina cha maji ukutani kila mwaka. Kuanzia 2015 vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pamoja na wananchi, walichora mitaro na maeneo ya mafuriko ya Dar es Salaam kwa kuwauliza wakazi kama wewe. Majibu ya maswali hayo yaombe kwa maandishi kutoka kwa ofisa mtendaji wa mtaa, na nakala ibaki kwako.