Wikendi ya Lamu na Watoto: Uliza Maji Kwanza

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu watatu Lamu, kutoka hapa Malindi, niliipanga safari kwa ratiba ya basi na kalenda ya shule, nisiyafikirie maji hata kidogo. Jumamosi saa tatu asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tulipanda mashua kwenda Takwa, magofu ya mji ulio katika kisiwa cha Manda ambao wakazi wake waliuhama katika karne ya 17. Tulipokuwa ndani ya mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko, chombo kilipwelewa. Tulikaa juu ya tope tangu saa nne hadi saa nane mchana, jua la utosi likituchoma, chupa mbili za maji zikigawanywa kwa watu sita, na kitinda mimba wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nahodha alikuwa ametaja saa nyingine siku iliyotangulia. Mimi ndiye niliyesisitiza saa tatu, kwa kuwa nilitaka turudi mapema tukaione Ngome ya Lamu.

Tangu siku hiyo sipangi ziara ya Lamu kabla sijajua bahari itakuwaje siku ninazotaka, na hilo ndilo ninalomwomba kila mzazi alitangulize, hata kabla ya kutafuta mahali pa kulala. Hesabu yenyewe si ngumu. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa takriban saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa sana takriban saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mpangilio huwa umegeuka, na maji ya saa nne asubuhi yakawa ni ya kujaa, ingawa hayapandi kwa kimo kile cha bamvua. Ukijua tarehe ya mwezi mwandamo unaweza kukadiria wikendi nzima: lini watoto watatembea ufukweni kuelekea kijiji cha Shela bila kufikiwa na mawimbi, lini chombo kitaingia Takwa na kutoka, na lini ngazi za gatini zitakuwa zimefunuliwa, zina utando wa kijani na utelezi. Hata hivyo, neno la mwisho ni la nahodha, naye aulizwe siku moja kabla, kwa utulivu, bila kushurutishwa saa.

Kivuko cha kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, hadi mjini Lamu ni kifupi, na ufupi huo huwadanganya wazazi wengi wasijali jaketi za kuokolea maisha. Jaketi ya mtu mzima haimfai mtoto mdogo, kwa sababu akianguka majini hupanda hadi usoni mwake, naye huteleza chini kupitia ndani yake. Safari moja tulipewa jaketi za watu wazima pekee, nikawashusha watoto na kungoja boti nyingine, ingawa abiria wenzangu walinung'unika kwamba nawachelewesha. Baadaye niliona ni afadhali kununua jaketi mbili za kiasi cha watoto, zenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na sasa huzibeba hata kama mzigo umejaa.

Kuhusu malazi, nyumba ya kale yenye ua wa ndani huwafurahisha watoto kuliko chumba cha hoteli, lakini iulizie maswali mawili kabla ya kulipa: ukingo wa sutuhi, yaani paa bapa la juu ya nyumba, una urefu gani, na je, mlango wa ngazi ya kupandia huko hufungwa kwa komeo? Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na vidato vyake havilingani, na mtoto aliyezoea nyumba ya chini hukimbia juu bila kufikiri. Vyandarua ni vya lazima.

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una raha moja kubwa kwa mzazi, nayo ni kwamba magari hayapiti vichochoroni. Hatari yake ni ya namna nyingine. Punda hupita wakiwa wamebeba mawe ya matumbawe na mifuko ya saruji, na mwendeshaji akipaza sauti “Simile!”, yaani pisha njia, mtoto anapaswa kujua kujibanza ukutani papo hapo, wala asisimame nyuma ya mnyama. Mifereji ya maji machafu iko wazi kando ya njia, na sehemu kubwa ya ukingo wa bahari haina kizuizi chochote, kwa hiyo upande wa baharini hutembea mimi, na watoto hutembea upande wa nyumba.

Kupotea ndiko kulikonifundisha zaidi. Mwanangu wa kati, akiwa na miaka saba, alimfuata mwanapunda huko mtaa wa Langoni na kutupotea kwa muda wa karibu nusu saa. Alipoulizwa anakokaa, alijibu kwamba ni nyumba yenye mlango wa nakshi, jibu ambalo kwa Lamu halimtambulishi mtu. Bibi mmoja alimketisha barazani kwake, akampa kaimati, akatuma kijana azunguke mitaani akiuliza. Nilipofika nikipumua kwa shida, aliniambia, “Tulia, mwanangu, hapa mtoto ni wa wote.” Nilimshukuru kwa machozi. Jioni hiyo niliwafundisha watoto mambo ambayo ningewafundisha kabla ya kuondoka nyumbani: jina la nyumba tuliyofikia na la mtaa wake, namba ya simu yangu, kumwamkia mtu mzima aliyeketi barazani na kumwomba msaada, na kwamba njia zinazoteremka huishia pwani. Mahali petu pa kukutania ni Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, kwa sababu hakuna mtu mjini asiyeweza kumwelekeza mtoto huko.

Ngome yenyewe, iliyokamilika mwaka 1821 na kutumiwa kama gereza hadi mwaka 1984, hushika fikra za watoto wakubwa. Wadogo hupenda zaidi jumba la makumbusho la Nyumba ya Kiswahili, hasa wakielezwa kwamba katika birika, yaani matangi ya maji ya nyumba za kale, walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Nimeona mara nyingi kwamba majumba mawili kwa asubuhi moja yanatosha, na kwamba saa sita hadi saa tisa watoto walale au wacheze kivulini. Kituo cha punda, kilichofunguliwa mwaka 1987, sikikosi kamwe, kwani huko wanaona jinsi mnyama mgonjwa anavyotunzwa.

Shela iko umbali wa kilomita 3 hivi kutoka mjini. Kuogelea nawaruhusu upande wa kijijini tu, maji yakiwa yametulia, nami nikiwa ndani ya maji pamoja nao, kwa maana mkondo wa mlangoni mwa bahari una nguvu na wakati wa upepo wa kusi mawimbi ya ufuo wa nje ni makubwa mno kwa mtoto. Matuta ya mchanga tunayatazama bila kuyaharibu, kwa kuwa ndiyo yanayochuja mvua na kuhifadhi maji matamu ya kisiwa.

Chakula hakina shida: mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi vya karai jioni, na maji ya kunywa ya chupa au yaliyochemshwa. Katika mwezi wa Ramadhani ubebe vya kutosha kuwalisha watoto mchana, ndani ya nyumba. Njiani kutoka Malindi kuna vizuizi vya polisi, basi beba kitambulisho na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na uulize hali ya usalama wa barabara siku mbili kabla ya kukata tiketi. Akiugua mtu mjini, kuna Hospitali ya King Fahd.

Safari yetu ijayo imepangwa na kifungua mimba wangu, ambaye sasa ana miaka 13. Amechagua Jumamosi itakayoangukia tarehe 20 ya mwezi mwandamo, akakadiria kwamba maji yatajaa saa mbili asubuhi, kisha akampigia simu nahodha yule yule wa Takwa. Nahodha amemjibu kwamba tuwe gatini saa kumi na mbili na nusu.