Kabla ukuta haujapigwa plasta: shomoro wa Goma, kuwaangalia na kuwaachia mahali pao

Mama, swali lako nimelisoma mara mbili. Mmepanga mtaa wa Ndosho, nyumba ya mbao ndani ya ua wa makoro (mawe ya volkano), na mwenye nyumba amekwisha kuleta mchanga na simenti. Anataka kuupiga ukuta plasta na kuziba nafasi zote chini ya manjanja (mabati, kwa walio mbali na Kivu), kwa sababu anasema ndege wanachafua. Mwanao wa miaka tisa huwaangalia ndege hao kila asubuhi kabla ya shule, na tangu asikie habari hiyo hana raha. Umeuliza kama kweli ni shomoro, kama watapata pengine pa kwenda, na mtoto afanye nini ili awajue zaidi.

Mimi ni fundi wa mbao hapa Goma, zaidi ya miaka ishirini sasa niko juu ya paa za mji huu. Nitakujibu kutokana na niliyoyaona huko juu.

La haraka kwanza: mwombe mwenye nyumba asubiri kama mwezi mmoja. Simenti ikikaa pakavu haiharibiki kwa muda huo, lakini kiota kikizibwa na makinda ndani hakuna cha kurekebisha. Nalijua hilo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwaka 2016 nilipewa kazi mtaa wa Keshero, mwezi wa Oktoba, mvua zimeshika. Upepo wa ziwa ulikuwa ukiingia chini ya manjanja na mwenye nyumba alitaka nizibe mzunguko wote kwa mbao. Nilimaliza kwa siku moja. Katika pembe mbili kulikuwa na majani makavu na manyoya ya kuku. Ya pembe moja niliyavuta nikayatupa. Ya pili sikuyafikia, nikapigilia ubao juu yake. Kesho yake nikarudi kuchukua ngazi. Shomoro wawili walikuwa wameng'ang'ania ubao wangu, mmoja ana kiwavi cha kijani mdomoni. Anaruka, anarudi, anagonga palepale palipokuwa na mlango wake jana. Niling'oa ubao ule. Ndani mlikuwa na makinda wanne, wawili wamekwisha kufa. Yule mwenye kiwavi hakungoja hata nishuke. Alinipita karibu na sikio akaingia kuwalisha waliobaki.

Tangu siku hiyo sizibi tundu bila kukaa chini na kuliangalia kwanza. Mteja akinihimiza sana, namwachia kazi yake.

Sasa, ni shomoro kweli? Kwa maelezo ya mwanao, ndiyo. Kichwa cha kijivu, mgongo wa rangi ya kutu, tumbo jeupe-jeupe, na alama ndogo nyeupe begani ambayo haionekani vizuri mpaka ageuke. Huyu ni shomoro wa kwetu, mwenye kichwa cha kijivu. Wataalamu humwita Passer griseus. Nalisema hili kwa sababu mtoto akitafuta picha za shomoro kwenye intaneti ataletewa yule wa Ulaya na Asia, ambaye dume lake lina doa kubwa jeusi kooni kama kitambaa cha kulia chakula. Atadhani amekosea. Hajakosea. Wa kwetu dume na jike wanafanana, na hata mimi siwezi kuwatofautisha kwa rangi. Asimchanganye pia na jike la mnana, ambaye ana umanjano na hufuma kiota cha kuning'inia mtini. Shomoro hafumi. Anatafuta tundu, analijaza majani, manyoya na vipande vya nguo, basi.

Kitu kimoja kitakachomsaidia: amwangalie mdomo. Shomoro akiwa katika kipindi cha kuzaa, mdomo wake huwa mweusi kabisa. Nje ya kipindi hicho hufifia na kuwa na rangi ya pembe. Mkiona midomo myeusi miwili inaingia na kutoka kwenye tundu moja, msikaribie na nyundo.

Kuhusu kuangalia, hahitaji darubini. Anahitaji mahali pamoja na saa ile ile. Aketi kwenye ngazi ya mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mgongo ukutani, nusu saa, bila kuinuka. Dakika kumi za kwanza hataona kitu, kwa sababu ndege nao wanamwangalia yeye. Baadaye watamsahau. Kisha aangalie jambo moja tu: kinaingia nini na kinatoka nini. Wakiingiza majani na manyoya, wanajenga. Siku zikipita mmoja anaingia na kukaa, mwingine anapiga kelele juu ya paa, kuna mayai. Wanaatamia kama siku kumi na mbili, zikizidi kumi na nne. Wakianza kuingiza viwavi, panzi wadogo na buibui, makinda wametoka. Na siku atakapomwona mzazi anatoka na kitu cheupe kama kifuko kidogo mdomoni, afurahi sana: ni kinyesi cha makinda, mzazi anakitupa mbali ili nyumba ibaki safi. Kwa hiyo lile neno la kuchafua, mwenye nyumba aliangalie tena. Zaidi ya wiki mbili kidogo baada ya kutoka kwenye mayai, makinda wanaruka. Hapo tundu linakuwa tupu, na ndiyo wakati wa fundi.

Mtoto aandike tarehe. Daftari la shule linatosha, mistari miwili kwa siku. Mimi nina madaftari manne sasa, na katika ua wangu viota vingi huanza mvua za Septemba zikirudi, kwa sababu mvua huleta majani mabichi na majani huleta wadudu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, naomba unisikilize. Watu wanaona shomoro katika Soko la Virunga wakirukaruka kati ya magunia ya mahindi na mchele, miguu miwili kwa pamoja, wanadhani ndege huyu anaishi kwa punje zetu. Mkubwa ndiyo. Kinda hapana. Kinda katika siku zake za kwanza anahitaji wadudu laini. Uingereza shomoro wao wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970, na mwaka 2002 waliwekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Watafiti waliochungulia viota katika mji wa Leicester waliona kwamba makinda waliolishwa mimea mingi badala ya wadudu ndio waliokufa zaidi. Miji ilikuwa imesafishwa mno. Mchina alijifunza kwa njia mbaya zaidi: mwaka 1958 serikali iliwaamuru watu kuua shomoro kwa sababu wanakula nafaka, wakafukuzwa kwa ngoma na sufuria mpaka wakaanguka kwa uchovu. Wadudu wa mashambani wakaongezeka. Mwaka 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha ya maadui, wakamweka kunguni mahali pake, lakini njaa kubwa ilikuwa imekwisha kuingia, na kosa hilo lilikuwa moja ya sababu zake.

Kwa hiyo ule mstari wa lengalenga (mchicha) na kabichi nyuma ya choo chenu ni sehemu ya nyumba ya shomoro, sawa na tundu lenyewe. Vidukari walioko chini ya majani ya kabichi ni maziwa ya makinda. Usipulize dawa. Ukishindwa kuvumilia, osha majani kwa maji ya majivu, na uache shina moja au mawili bila kugusa.

Mji wetu una ugumu wake. Tumejenga juu ya jiwe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, volkano yetu, ilishusha moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wakarudi wakajenga juu ya mawe yale yale na kwa mawe yale yale. Kila ukuta wa makoro uliopangwa bila plasta una mamia ya matundu, na hapo shomoro, mijusi na nyuki wakapata pa kukaa. Nikiangalia ukuta wa namna hiyo siwezi kuona kasoro. Ni mlima uliogeuka kuwa kijiji cha ndege.

Lakini jiwe hilo halishiki maji. Mvua ikinyesha inazama papo hapo, hakuna kijito, hakuna dimbwi linalodumu. Ndiyo maana sisi wenyewe tunabeba mabidoni ya maji. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti ndege wanateseka. Weka sahani pana, kina kisizidi vidole viwili, na jiwe katikati pa kusimamia. Maji ya kuoshea mboga yanatosha, lakini badilisha kila siku, maana maji yaliyolala huleta ugonjwa na mbu. Kando yake wacha sehemu ya vumbi kavu bila kuisakafia. Wanaoga vumbi kila mchana, wanajipindua humo kama watoto, na inawasaidia kupambana na chawa wa manyoya.

Mwaka 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku ya tarehe 27 Mei tulipoambiwa tuondoke, mimi na familia tulikwenda Sake kwa miguu. Tuliporudi Juni, ua ulikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuusikia. Hakuna punje, hakuna majiko, hakuna makombo. Jozi iliyokuwa juu ya jikoni haikuwepo. Nilimwaga mtama kidogo kila asubuhi mahali pale pale, na siku ya tisa mmoja akatua kwenye waya wa nguo. Mke wangu alinyamaza akaacha kufagia. Sijui niwaambie nini kingine kuhusu asubuhi ile, ila kwamba tulijisikia tumerudi nyumbani kweli.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni nyuzi. Magunia ya nailoni ya makala (makaa) yakichakaa hutoa nyuzi ndefu, na shomoro huzipenda kwa kiota. Nimekuta kinda aliyekwisha kukomaa, mabawa yote yamekamilika, mguu umefungwa na uzi mpaka umekauka. Wenzake waliruka, yeye akabaki. Kwa hiyo magunia mabovu yakunje uyatupe, na vipande vya washona nguo kata vifupi kabla ya kuvimwaga. Kazi hiyo mpe mwanao, ataifanya vizuri kuliko sisi.

Paka na manati ya watoto wa jirani ni shida pia. Kwa manati nimeona dawa moja tu inayofaa: mwite huyo mwenye manati aketi naye kwenye ngazi ya mlango, ahesabu mara ngapi mzazi anaingia na mdudu kwa nusu saa.

Turudi kwa mwenye nyumba, kwa maana ana haki ya kutunza mali yake, na upepo na panya ni mambo ya kweli. Mwambie hivi. Aache plasta mpaka mwanao aone makinda wameruka na siku tatu zimepita bila ndege kuingia. Kisha azibe chini ya manjanja kwa mbao. Ndege hapaswi kuzaa karibu na waya za umeme na juu ya sufuria zenu. Badala yake atundikiwe masanduku. Ubao uwe na unene wa sentimita mbili, sakafu sentimita 15 kwa 15, tundu la milimita 32 hadi 35, na kutoka tundu mpaka sakafu sentimita 15. Tundu likizidi hapo, ndege wakubwa wanaingia. Usiweke kijiti cha kutua mbele ya tundu, shomoro hakihitaji na kinamsaidia adui. Toboa vitundu vinne vidogo chini kwa ajili ya unyevu. Usitumie ubao uliopakwa mafuta machafu ya gari, kama tunavyofanya kuzuia mchwa. Tundika kimo cha mita tatu, uso ukiangalia mashariki, na sanduku lisigusane na manjanja: saa nane mchana bati linachoma na makinda wanaiva humo. Masanduku mawili yawe pande mbili tofauti za nyumba, kwa sababu shomoro wetu, kwa nilivyowaona, hawapendi kubanana wakati wa kuzaa.

Mbao chakavu za dirisha zinatosha kwa sanduku moja, na nusu siku ya kazi. Wanaweza kukaa miezi kabla ya kulikubali. La kwangu la kwanza lilikaa tupu msimu mzima, la pili likaingiwa baada ya wiki tano.

Na ukuta wenyewe: kama lazima upigwe plasta, basi upande wa barabara, ambao watu wanauona. Upande wa ndani waache makoro yalivyo. Akikataa, muombe matundu matatu tu. Mwanao ndiye anajua ni yapi. Apake chokaa kando yake kabla fundi hajafika, yaliyo juu kuliko paka anavyoweza kuruka.